Dosya Iliyoitwa Yote

Kahindo mwanangu,

Mambo ya chandarua, dawa, maji ya kuchemsha na wanaume wa bandarini mama yako ameshakwambia, tena amerudia mbele yangu mpaka na mimi nimeyakariri, kwa hiyo hayo nayaruka. Nakuandikia kwa sababu bado hujapata jibu langu. Jana tulipokuwa tunakula uliacha kumega bukari, ukanitazama usoni, ukasema: "Papa, kama moyo yako haitaki, sitapanda ile kamyo. Lakini unijibu ya kweli, usinijibu ya kunifurahisha."

Nikasema nitakujibu. Halafu nikainuka kwenda kunawa mikono, na wewe uliona kwamba nilikuwa nimeshanawa. Kamyo ya Kilwa, hii yetu ya ziwani, inaondoka kesho asubuhi, begi lako liko karibu na mlango limejaa, lakini zipu hujaifunga. Nimelipita mara kadhaa nikilitazama kana kwamba litanisaidia kuamua.

Unanijua. Nikianza kusema napandisha sauti hata nikiwa na furaha, na mgeni akipita nje anadhani tunagombana. Hapa kwenye karatasi angalau majirani watapumzika. Na usidhani naandika kwa huzuni. Nina msisimko wa ajabu tangu mchana, utanisamehe mwandiko. Siku wale wauza samaki wa Kilwa walipokujibu, ukatusomea kwa sauti kwamba wanakutaka uwaunganishie kompyuta za bandarini, za chumba cha barafu na za duka lao, ili wote wasome karatasi zilezile, nani aliruka kutoka kwenye kiti? Si mama yako. Ni mimi. Nilimpigia simu kila dereva ninayemjua kumwambia kwamba binti yangu ameitwa na watu ambao hatuna undugu nao wala hatujawahi kuwauzia hata gunia la sukari. Nilikuwa nimeshafika kwa dereva wa nne au wa tano ndipo nikakumbuka kwamba kuitwa maana yake ni kuondoka. Ndipo nikaja kukwambia ungoje mpaka vita hivi vya mashariki viishe.

Sasa nataka nikusimulie ile siku ya seva. Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa upande wa kibodi, mimi nilikuwa upande wa hofu, na upande wangu hujawahi kuusikia wote.

Inabidi nianzie nyuma kidogo. Nilipokuwa kijana kule kwetu Kivu, kabla hujazaliwa, askari walipora mji. Babu yako alikuwa na duka la jumla na kamyo moja aliyoipenda kuliko watoto wake, hilo alilisema mwenyewe. Alikuwa mtu mwangalifu, na uangalifu wake ulikuwa wa kutawanya. Kadi ya kamyo aliiweka kwa shemeji yake, karatasi za kiwanja zilikuwa ndani ya sanduku la bibi yako, vyeti vyetu vya kuzaliwa viko parokiani. Alisema mwizi akiingia hawezi kupata vyote. Ikaja siku ya kukimbia, tukakuta kwamba na sisi wenyewe hatuwezi kupata vyote. Mtaa wa shemeji ulikuwa unawaka. Bibi alikuwa ameshaondoka na ufunguo wa sanduku. Miezi mingi baadaye babu yako aliiona kamyo yake sokoni, akaijua kwa kovu la mlango, na mtu aliyekuwa anaiendesha akamwambia alete karatasi. Nilikuwa nimesimama pale kando yake. Babu yako aliinua mikono akaiangalia mitupu, kisha akamwomba yule mtu msamaha kwa usumbufu.

Hilo la kuomba msamaha ndilo lililoniuma, linaniuma mpaka sasa. Nikaapa kwamba mimi nikiwa na nyumba yangu, kila kitu kitakaa mahali pamoja, nikinyoosha mkono mmoja napata vyote.

Kwa hiyo tulipofika Lubumbashi, tukafungua depo ya bidhaa za jumla, na baadaye ukanishawishi tununue ile seva ya mitumba, unakumbuka amri yangu ya kwanza. Ulikuwa umetengeneza humo vidosya vizuri vya kutunzia karatasi, kimoja cha kila kamyo, kimoja cha kila mwaka, vimepangwa kama masufuria ya mama yako. Nikasema futa. Nikataka dosya moja tu, jina lake YOTE, na kila karatasi itakayopita kwenye skana ya karani wetu Mado iingie humo. Siku ya kukimbia nitabeba kitu kimoja. Ulijaribu kusema neno, nikakuuliza kama wewe ulishawahi kukimbia mji. Ukafuta.

Na kwa muda ilikwenda vizuri, tuseme ukweli. Mado mwenyewe aliipenda, kwa sababu hakuwa na haja ya kufikiri. Yeye ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, kaskazini huko, kwao ukipewa njia unaifuata mpaka mwisho. Halafu kwetu Kivu mambo yakaharibika. Mji mmoja ukaanguka, halafu mwingine, benki zikafungwa, barabara zikafungwa, na baba yako mdogo Kasereka akaanza kutuma kwa simu picha za kila karatasi aliyokuwa nayo, usiku na mchana, kabla hazijaungua. Wajomba wakafanya vilevile. Marafiki wa wajomba pia. Mado alipokea, akaingiza. Yote ndani ya YOTE. Sikujua hesabu yake na sikutaka kujua, nilikuwa najisikia tajiri.

Ndipo mashine ikaanza kuchoka. Ukibofya karatasi moja unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Feni ya seva ilikuwa inalia kama mtu anayepanda mlima. Ukanionyesha kwenye skrini kwamba ubongo wa mashine, ule mnaouita prosesa, umejaa mpaka juu, na anayeujaza ni programu moja tu, ile inayogawa mafaili kwa kompyuta zetu zote. Nikasikia neno moja tu hapo, kwamba kuna anayeujaza. Nikaanza kutafuta mtu. Nilisema ni kaka zako na filamu zao. Nikasema ni umeme wa mji huu. Nikaweka feni kubwa ya sebuleni mbele ya seva, mama yako akaifuata akairudisha. Nikanunua kumbukumbu ya kuongeza, ukaniambia taratibu kwamba haitasaidia, nikaiweka, haikusaidia. Na kila ilipokwama niliizima nikaiwasha, ikapata nguvu kidogo, nikatembea depo nzima nimeinua kidevu.

Asubuhi ile ulikuwa umekaa mbele ya seva na karatasi ndogo ya kuandikia. Hukugusa kitu. Ulikuwa unamwomba kila mtu kwa zamu aache kompyuta yake kidogo, unatazama skrini, unamruhusu arudi. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma yako nikikuuliza utaanza lini kutengeneza. Simu ikalia, ni Kasereka, yuko mpakani Kasumbalesa.

Unajua alivyofika pale. Alikuwa amezunguka nchi za watu na mke wake na wale wasichana wawili ndani ya kamyo ya mwisho iliyobaki katika ukoo wetu, depo yake imeungua nyuma yake na karatasi zote zilizokuwemo, pamoja na simu aliyopigia zile picha. Nilifurahi kusikia sauti yake mpaka nikaanza kumtania kuhusu uendeshaji wake. Yeye hakucheka. "Yaya," akasema, maana mimi ndiye kaka yake mkubwa, "banasema kamyo haiko yangu. Banataka kuona karatasi sasa hivi. Kama hapana, banatushusha, banaipeleka mu parking yabo." Nyuma yake nilisikia mtoto analia.

Kahindo, nilikuwa tena pale sokoni, kijana, kando ya babu yako. Nikakwambia fungua karatasi za Kasereka. Ukasema: "Papa, usiiguse. Unipatie kidogo tu, niko karibu kujua ni nani anaichokesha." Nikaona unanichezea. Karatasi ziko humo ndani, nimezikusanya mwenyewe kwa ajili ya siku kama hii, na binti yangu anataka kujua nani anachokesha nini. Nikainama nikachomoa waya.

Feni ikakatika katikati ya kilio chake. Ulinitazama, na hukunikasirikia, ungenikasirikia ningepona haraka zaidi. Tukaiwasha, na safari hii haikuamka kama kawaida. Ikaanza kujichunguza diski yake yote, kama ulivyonieleza, kwa kuwa ilizimwa ghafla katikati ya kazi na inaogopa kitu kimevunjika. Mstari unatembea kwenye skrini pole pole. Kasereka anapiga, sipokei. Ilipoamka hatimaye, kompyuta zote za depo zikairukia kwa pamoja, na feni ikaanza kulia kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nikamgeukia Mado. Nilimwambia mbele ya wapakiaji kwamba ameijaza mashine yangu picha za kwaya yake. Mado alisimama akanijibu kwa sauti ndogo: "Patron, miye niko natia mule mulisemaka tutie." Halafu akatoka nje.

Na wewe, katikati ya makelele yangu, ulichukua kibodi ya seva yenyewe. Hukupitia ile programu ya kugawa mafaili. Uliandika mstari mmoja, ukatafuta jina la Kasereka moja kwa moja ndani ya diski, na karatasi zake zikajitokeza kabla sijamaliza kukohoa. Kadi ya kamyo, bima, vyeti vya wale wasichana. Ukazituma kwa simu yake. Nilikaa chini juu ya gunia la mchele. Sikuelewa kitu. Mashine ileile iliyokataa asubuhi nzima ilikuwa imekujibu kama mtoto mwema.

Kasereka akapiga tena alipovuka, akacheka mpaka akalia. Mimi nilifanya yote mawili kwa mpangilio wa kinyume.

Mtu mwingine angefunga mashine akaenda kusherehekea. Ulimwita Mado ndani, ukamwomba kwa heshima aanze kuskani kama kila siku, na tukaona ubongo wa mashine unapanda mpaka juu. Akaacha, ukashuka. Akaanza, ukapanda. Mimi kinywa kilikuwa kimeshafunguka kusema si nilisema ni Mado, ukaniinulia kidole bila kunitazama. Ukatengeneza dosya mpya, tupu, ukamwambia askani humo. Akaskani karatasi moja, mbili, rundo zima. Ubongo haukutikisika. Ukanigeukia na uso unang'aa, sijawahi kuuona uso wako vile, ukasema: "Ile ile skana, ile ile mashine, ule ule Mado. Kintu kimoja tu njo tulibadilisha, Papa. Ni dosya."

Ulinieleza mara mbili, na mara ya pili nikaelewa, na nilipoelewa nilifurahi kama mtu aliyeponywa jino. Kumbe kila karatasi mpya inapotaka kuingia, ile programu inaulizwa kwanza kama jina hilo liko tayari. Na haiwezi kusema halipo mpaka ipitie majina yote yaliyomo, kama mlinzi wa harusi unayemuuliza kama Musafiri amefika, naye anaenda kumsalimia kila mgeni ukumbini ndipo arudi kukwambia hapana. Wageni wakiwa ishirini si kitu. Sisi tulikuwa tumealika nchi nzima. Na Mado alikuwa anauliza mlangoni siku nzima, na kila mmoja wetu anayefungua dosya naye anauliza, na mlinzi ni mmoja.

Nilitoka nje nikatembea uani. Wapakiaji walidhani nimekasirika. Kahindo, nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nimemtafuta mwizi kwa majuma, na mwizi alikuwa amri yangu, na amri yangu ilikuwa imezaliwa sokoni siku ile babu yako alipoonyesha mikono mitupu. Yeye alitawanya kwa sababu ya hofu tukapoteza kamyo. Mimi nilikusanya kwa sababu ya hofu nikakaribia kupoteza nyingine. Sikuona aibu, hilo ndilo lililonishangaza. Niliona wepesi. Kwa mara ya kwanza niliweza kumwelewa mzee wangu bila kumkasirikia.

Nikarudi ndani nikamwomba Mado msamaha mbele ya wapakiaji walewale, kwa sauti ileile niliyomsemea vibaya, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Akasema sawa, lakini kwa juma zima alinisalimia kwa Kifaransa.

Nawe ukarudisha vidosya vyako. Nilikubali, lakini siku hiyo nilikufuata nyuma kila hatua nikiuliza, na hii itakaa wapi, na hii tukihitaji haraka je, mpaka ukaacha kazi ukanishika mkono. Ulisema: "Papa, hakuna kintu kinapotea. Kila moja iko na nafasi yake, na unajua njia ya kufika." Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani tunazungumza juu ya karatasi.

Lakini tangu Kasereka alipofika na familia yake nimeanza tena, wala sikujiona. Kaka zako nimewakataza kupanga nyumba zao. Shangazi yako nimemwambia auze kile kibanda chake cha Kambove aje hapa uani. Kila jioni nahesabu viatu mlangoni, na vikiwa vingi nalala vizuri. Na wewe nilikuwa nimeshakupangia maisha yote, mpaka ukumbi wa mtaa wa Golf ambapo ungefanyia harusi, na nyumba ambayo ningeiona kutoka kwenye dirisha langu. Kasereka ananiunga mkono. Anasema nyakati hizi mtoto hapelekwi mbali, tena mtoto mwenyewe ndiye anayeijua mashine. Mchana wa leo alinisihi nikwambie hivyo. Nikafungua kinywa kumkubalia, na nikasikia ninachotaka kusema kabla hakijatoka, ungoje, ukae hapa, tuwe pamoja wote. Nikafunga kinywa. Nadhani ni mara ya kwanza Kasereka kunishinda kwa kuongea.

Mado amenionyesha leo kwamba anaweza. Alitafuta karatasi mbele yangu bila kukuita, akazima na kuwasha kwa utaratibu kama ulivyomfundisha. Mengine yatakwama, na tutakaa tukatazama kwanza. Usiwe huko Kilwa unashtuka kila simu ikilia ukidhani depo imesimama. Na kama imesimama, ni depo yangu, nitaiamsha mwenyewe.

Siwezi kukwambia kwamba siogopi. Barabara ya Kilwa naijua, nimekwama humo na kamyo yenye samaki, nisingependa kukusimulia harufu. Nchi yetu inabomoka upande mmoja na hakuna anayejua ufa utafika wapi. Nitakuogopea kila siku, hiyo ni kazi yangu na sitaiacha, ila nitaifanyia huku nyumbani bila kukusumbua. Wewe ukifika huko ukakuta mashine ya watu imechoka, na wamesimama wanalaumiana, fanya kama ulivyofanya kwetu. Na akitokea mzee mmoja wa pale anayepiga kelele na kushika waya, mvumilie kidogo, huenda alishakimbia mji. Lakini kaa karibu na waya.

Kahindo, nimefurahi. Nataka uisome kwa sauti ninayoiandikia, yaani kubwa. Nilikupa jina lako kwa sababu ulikuja kubadilisha, baada ya wavulana wawili mfululizo, na nilidhani jina limeshamaliza kazi yake siku ulipozaliwa.

Jambo la mwisho halafu nakuachia ulale. Wale wasichana wa Kasereka wanalala kwenye sebule tangu walipofika, juu ya mkeka, na hawajawahi kulalamika, wamezoea kulala mahali ambapo watu wanapita. Leo jioni, kabla sijashika kalamu hii, niliwaita nikawaambia kwamba kesho, kamyo ikishaondoka, watahamia kwenye chumba chako. Mkubwa alisema asante. Mdogo alinitazama kwa muda mrefu kama anayeogopa kwamba nitabadilisha neno, halafu akauliza kama ni kweli, kama kitanda kile cha Yaya Kahindo kitakuwa chake kabisa.

Nimemwambia ndiyo.

Papa yako,
Kambale